Je, wajua treni ya umeme inaurudishia wapi umeme wake?

Fundi umeme yeyote wa mtaani atakwambia kwamba taa ya sebuleni, hata iwe ya wati tano, haiwaki bila nyaya mbili: mmoja unaleta umeme, mwingine unaurudisha. Sasa treni ya SGR, inayofika Dodoma tangu Julai 2024 na kukimbia hadi kilomita 160 kwa saa, inajishika kwenye waya mmoja tu juu. Wa pili uko wapi?

Mwenye macho makali atabisha. Ukiwa stesheni ya Igandu au Gulwe ukatazama juu ya njia, unaona nyaya mbili, mmoja juu ya mwenzake. Ni kweli, lakini ule wa juu umewekwa hasa kuubeba wa chini kwa vishikizo vifupi, usije ukalegea kati ya nguzo na nguzo. Umeme wao ni mmoja. Treni inagusa wa chini kwa pantografu, ule mkono unaokunjuka juu ya paa.

Waya wa pili ni reli yenyewe. Umeme unashuka kwa pantografu, unapita kwenye transfoma inayolisha mota, unatokea kwenye magurudumu ya chuma, unaingia kwenye reli na kurudi kituo cha kupozea umeme. Kiasi fulani huvujia ardhini, ndiyo maana njia nyingi za aina hii huongezewa waya wa kurudishia umeme pembeni, kwenye nguzo zilezile. Na kwa kuwa reli imeunganishwa na ardhi, volti zake hubaki karibu sawa na za udongo unaoukanyaga. Volti 25,000 ziko juu, na hizo si za kuchezea: zinaweza kumrukia mtu hata kabla hajagusa waya. Kupanda juu ya behewa au kupita chini ya waya huo na mti mrefu wa kuangulia maembe ni kujitafutia kifo.

Ujanja huu ulitumika tangu zamani kwenye tramu, treni ndogo za mjini zinazopita barabarani pamoja na magari. Mwaka 1881, kampuni ya Siemens ilizindua tramu ya umeme huko Lichterfelde, karibu na Berlin. Haikuwa na waya juu. Reli moja ilileta umeme wa volti kama 180 na ya pili ikaurudisha, zote zikiwa chini, wazi. Farasi mwenye kwato za chuma akizikanyaga zote mbili, anapigwa shoti. Baadaye waya wa kuleta umeme ukapandishwa juu, reli zikaachiwa kazi ya kurudisha tu.

Tramu za leo, pamoja na zile za Addis Ababa zilizoanza 2015, kwa kawaida hutumia volti 600 hadi 750. Kwa nini SGR isitumie hizohizo? Piga hesabu. Treni inayovuta megawati 3 kwa volti 25,000 inahitaji ampea 120 hivi. Kwa volti 750 ingehitaji ampea 4,000! Waya ungelazimika kuwa mnene kupita kiasi, na vituo vya kupozea umeme vingepangwa kila baada ya kilomita chache kuanzia Dar es Salaam hadi huku Dodoma. Mjini hilo linavumilika. Porini Kilosa na Mpwapwa, hapana.

Kuna basi la umeme pia linalotumia nyaya za juu, linaitwa trolibasi. Hilo lina mikono miwili na nyaya mbili kamili, maana matairi ya mpira hayapitishi umeme na lami haina reli. Dodoma ikitaka daladala za namna hiyo, waya mmoja hautatosha.