Kadi ya maili: piga hesabu ya mwaka wa pili

Ikifika Oktoba simu yangu haipumui. Wenzetu hapa Minnesota wameshaanza kutafuta tiketi za Desemba za Nairobi na Dar, wameona bei, wakakumbuka ile barua ya benki inayowaahidi maelfu ya maili, yaani pointi za kulipia tiketi, wakichukua kadi ya mkopo ya wasafiri. "Kaka, nichukue?" Mimi kazi yangu ni kuandaa kodi na kupanga bajeti za familia, kwa hiyo huanza na swali lisilopendwa: mwezi uliopita ulilipa deni lote la kadi uliyonayo, au ulilipa kile kiwango cha chini?

Aliyelipa kiwango cha chini, namwambia aachane nayo kwa sasa. Kadi nyingi za Marekani zinatoza riba ya zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka, na maili hata zikitumiwa kwa ustadi hurudisha asilimia mbili, tatu hivi. Atakuwa anawanunulia wengine tiketi.

Anayelipa lote kila mwezi tunaweza kukaa naye na kalamu. Chukua Capital One Venture, maana hesabu yake ni nyepesi: ada ya dola 95 kwa mwaka, maili 2 kwa kila dola unayotumia. Ukitumia maili hizo kufuta gharama ya tiketi uliyokwisha kununua, kila moja ina thamani ya senti moja. Yaani unarudishiwa asilimia 2. Sasa weka pembeni yake Citi Double Cash, ambayo haina ada ya mwaka na inarudisha asilimia 2 hiyohiyo kwa pesa. Kwa matumizi ya namna hiyo umelipa dola 95 ili upate anachopata jirani yako bure.

Ada inarudi pale tu maili inapozidi senti moja, na njia ya kufika huko ni kuzihamishia kwenye shirika la ndege. Tuseme tiketi ni dola 1,600. Shirika linakupa kiti hichohicho kwa maili 90,000, na bado unalipia dola 340 za kodi na tozo. Toa 340 kwenye 1,600, gawa kwa 90,000: senti 1.4 kwa maili. Kwa kuwa kila dola inakupa maili mbili, hiyo ni senti 2.8, au senti 0.8 juu ya kadi ya bure. Ili senti 0.8 zijikusanye mpaka zifike dola 95 unatakiwa upitishe dola 11,875 kwenye kadi, karibu elfu moja kila mwezi, na hapo umerudisha ada tu. Familia yenye watoto, mafuta ya magari mawili na bima inafika bila kutafuta. Kijana anayechangia nyumba na wenzake aghalabu hafiki, na asijaribu kusukuma kodi ya nyumba kwenye kadi, kwa sababu tozo ya karibu asilimia 3 anayokatwa inameza maili zote.

Na tafadhali, hesabu hiyo ifanye kwa tiketi ambayo ungeinunua kweli. Watu huniletea bei ya daraja la biashara, dola elfu sita, wakidai maili zao zina thamani ya senti tano. Elfu sita hizo ungezitoa lini?

Desemba ndiyo inayoharibu mambo. Flying Blue, mpango wa Air France na KLM, unapokea maili za Capital One, na KLM inafika Kilimanjaro na Dar kupitia Amsterdam. Lakini bei ya viti vyake kwa maili hupanda na kushuka kwa tarehe, na wiki ya kabla ya Krismasi hupanda vibaya. Mwenye likizo ya Februari au Mei anakula vizuri. Mwenye watoto wanne wanaofuata ratiba ya shule, akitaka viti sita ndege moja, hukosa. Usihamishe maili kabla hujakiona kiti, kwani zikishaingia kwa shirika hazirudi benki.

Kuna jambo linalowapata wenzetu kuliko Wamarekani. Mteja mmoja alituma dola 500 nyumbani kwa programu ya simu, akachagua kulipa kwa kadi ya mkopo ili apate maili. Taarifa yake ya mwezi ilikuwa na mstari wa dola 500, chini yake dola 25 za ada ya kutoa taslimu, chini yake tena riba iliyoanza kuhesabiwa siku ileile. Maili: sifuri. Kutuma pesa nyumbani tumia akaunti ya benki.

Bonasi ya kujiunga ndiyo yenye nyama. Kwa Venture mara nyingi imekuwa maili 75,000 ukitumia dola 4,000 ndani ya miezi mitatu, sawa na dola 750 hata ukizitumia kivivu. Kama dola 4,000 ungezitumia tu, chukua. Mamlaka ya kodi, IRS, huiona bonasi ya namna hiyo kama punguzo la bei, kwa hiyo haiingii kwenye mapato yako. Ile ya kufungua akaunti ya benki ndiyo inayokatwa kodi. Kisha kadi ikitimiza miezi kumi na moja, kabla ada ya mwaka wa pili haijakatwa, wapigie benki uombe kuhamia VentureOne: haina ada, inatoa maili 1.25, na maili ulizonazo zinabaki.

Usiibakishe Venture kwa hoja ya kukwepa tozo ya asilimia 3 ya manunuzi ya nje. Double Cash inayo kweli, lakini kadi za Capital One hazina tozo hiyo, hata zile zisizo na ada. Ukiwa Zanzibar na mashine ya hoteli ikakuuliza ulipe kwa dola au shilingi, chagua shilingi. Ukichagua dola, mwenye mashine ndiye anayekupangia bei ya dola.