Kupanda penye kivuli: yasemwayo na yaliyo kweli

Karibu kila bustani ina pembe yake inayosingiziwa. Iko nyuma ya ukuta, au chini ya mti mkubwa, au kwenye uchochoro kati ya nyumba mbili, na hukumu yake ilishatolewa zamani: "Pale hapaoti kitu, pana kivuli." Basi pembe ile inakuwa jaa la ndoo mbovu na vipande vya matofali. Mimi nimepanda kwenye pembe za namna hiyo kwa miaka mingi na ninazipenda kweli. Kinachoniuma ni kuona zinaachwa kwa sababu ya mambo ambayo watu wanayaamini bila kuyapima.

"Kivuli ni kivuli tu"

Hii ndiyo mama wa dhana nyingine zote. Mahali hupimwa kwa saa ambazo jua linapiga majani moja kwa moja. Pakipata saa sita au zaidi kwa siku, hapo ni pa jua kamili. Kati ya saa tatu na sita ni nusu kivuli. Chini ya saa tatu ni kivuli kamili. Tena kuna kivuli chepesi cha madoadoa, ambapo jua linachujwa na mti wenye vijani vidogo kama mlonge au mgunga, na vidoa vya mwanga vinatembea juu ya ardhi mchana kutwa. Hapo panaweza kupandwa mengi sana. Chini ya mwembe uliobanana majani ni habari nyingine kabisa.

Chagua siku moja isiyo na mawingu. Kuanzia asubuhi, kila baada ya saa moja, tazama pembe yako na uandike neno moja: jua, madoadoa, au kivuli. Ifikapo jioni utakuwa na orodha fupi, na mara nyingi inashangaza. Nimeona watu wakigundua kwamba pale walipopaita kivulini panapata jua safi kuanzia saa moja hadi saa tano asubuhi, wakati wenyewe wako kazini. Hiyo ni nusu kivuli, na nusu kivuli ni neema.

"Naona pana mwanga wa kutosha"

Jicho ni kipimo kibaya cha mwanga. Mboni hutanuka na kusinyaa, na ubongo unasawazisha kila kitu, kwa hiyo tofauti kubwa huonekana ndogo. Adhuhuri juani mwanga hufika kama laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali). Ukisogea kivulini, mahali penye anga tupu juu yake, unaweza kubaki na laksi 10,000 hadi 20,000. Katikati ya chumba cha kawaida ni mia chache tu. Wewe unaweza kusoma barua sehemu zote tatu bila shida. Jani ambalo katika sehemu ya kwanza lilikuwa linashiba, katika ya tatu linakufa njaa polepole.

Kama huna kifaa cha kupimia, karatasi nyeupe inatosha. Adhuhuri ilaze pale utakapopanda, kisha nyoosha mkono kiasi cha sentimita 30 juu yake. Kivuli cha mkono kikiwa na kingo kali, kila kidole kikihesabika, mwanga ni mwingi. Kingo zikififia lakini bado unautambua mkono, mwanga ni wa wastani, na mimea mingi ya nusu kivuli itaridhika. Ukiona doa la ukungu tu, au usione kitu, hapo ni pa mimea michache mno.

"Mimea ya kivulini inapenda giza"

Hakuna mmea wa kijani unaopenda giza. Wote hujitengenezea chakula kwa mwanga. Kinachotofautiana ni kiasi, na ustadi wa kutumia kidogo kilichopo. Mimea iliyozoea chini ya miti hutoa majani mapana yasiyo manene, yenye klorofili (ile rangi ya kijani inayonasa mwanga) nyingi ukilinganisha na uzito wake, ndiyo maana mara nyingi yana kijani kilichokolea. Jani kama hilo linaokota kila chembe ya mwanga inayolifikia.

Ukitaka kujua mmea unavumilia nini, uliza asili yake. Mbuni wa arabika ulianzia chini ya miti ya misitu ya nyanda za juu za Ethiopia. Mkakao ulikulia chini ya miti mirefu ya Amazoni. Iliki, vanila, pilipili manga na tangawizi zote ni jamaa za msituni. Hata Saintpaulia, ua dogo la zambarau linalofugwa kwenye vyungu vya madirishani karibu dunia nzima, lilitoka katika misitu ya milima ya Usambara, ambako huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliliandika rasmi mwaka 1893. Ukilijua kwao, huliweki tena kwenye jua la saa nane.

"Mboga hazitaki kivuli"

Baadhi hazitaki, kweli. Kanuni ya kuanzia ni hii: unachokula kikiwa tunda, kama nyanya, pilipili, biringanya, bamia au tikiti, mpe jua kamili. Kutengeneza tunda kunahitaji sukari nyingi, na sukari ni mwanga. Kikiwa mzizi, kama karoti au bitiruti, nusu kivuli kitakupa mazao, ila yatachelewa na kuwa madogo. Kikiwa jani, una nafasi nzuri. Saladi, spinachi, giligilani, nanaa, sukuma wiki, vyote hivi hukubali saa tatu au nne za jua kwa siku.

Tena kwa baadhi yake kivuli ni msaada mtupu. Niliwahi kupanda saladi za pakiti moja kwenye matuta mawili. Tuta moja lilikuwa juani kutwa, jingine likipata kivuli cha ukuta kuanzia saa saba mchana. La juani lilianza kurefusha mashina ya maua mapema, na majani yake yakawa machungu, yakivunjwa yanatoa utomvu mweupe. Wakati huo la kivulini bado nilikuwa nachuma majani ya nje, laini, nikiacha moyo wake uendelee kukua. Joto ni mojawapo ya mambo yanayoikimbiza saladi kwenye kutoa maua, na kivuli cha mchana kililipunguza.

Ila msiishike kanuni ya majani kama amri. Mchicha ni jani, na bado ni mpenzi wa jua. Namna yake ya kutengeneza chakula ni ileile ya mahindi, mtama na muwa, namna inayofanya kazi vizuri kwenye joto na mwanga mkali. Kivulini utaota, utanyong'onyea, utatoa vijani viwili vitatu na kukuvunja moyo.

"Jua ni jua, liwe la asubuhi au la alasiri"

Jua la asubuhi linakuta hewa ya baridi, umande haujakauka, na mmea umejaa maji baada ya usiku. Vitundu vya majani viko wazi na kazi inaendelea. Alasiri hewa imekuwa ya moto na kavu. Mmea unafunga vitundu vyake ili usipoteze maji, na mwanga mwingi unaoupiga wakati huo haufanyi kazi ya maana. Kwa mmea laini wa nusu kivuli, saa nne za asubuhi ni chakula, saa nne za alasiri zinaweza kuwa adhabu. Nikipewa nafasi ya kuchagua upande mmoja tu wa nyumba, nachagua mashariki kila mara.

"Umerefuka haraka, basi umependa hapo"

Dhana hii inanihuzunisha kuliko zote, kwa sababu mtu anafurahi wakati mmea unaomba msaada. Mche uliowekwa penye mwanga haba hurefuka kwa kasi. Utazame kwa karibu: umbali kati ya jani na jani umekuwa mrefu, shina ni jembamba na limepauka, majani ni madogo, na kichwa kimeinama upande mmoja kuelekea penye mwanga. Huo ni mmea unaokimbia. Unatumia akiba yake yote kutafuta mahali pa kutokea.

Na unajua unachokikimbia. Majani hunyonya mwanga mwekundu na kuuachia ule ulio ukingoni mwa wekundu, ambao jicho letu karibu haliuoni. Mmea una kipokezi cha kulinganisha mianga hiyo miwili. Ule wa ukingoni ukizidi, ujumbe ni mmoja: juu yangu kuna majani ya mwenzangu, nirefuke nimpite. Ndiyo maana miche iliyobanana kitaluni hurefuka hata kama kitalu kiko juani. Kivuli cha ukuta hakichuji mwanga kwa namna hiyo. Kinaupunguza tu.

Dawa ni kuongeza nafasi au kuongeza mwanga. Kata matawi machache ya chini ya mti ili mwanga uingie kwa ubavuni. Paka ukuta chokaa nyeupe uurudishe mwanga kwenye majani. Panda kwa nafasi pana kuliko ile iliyoandikwa kwenye pakiti.

"Mbolea itafidia jua lililokosekana"

Haifidii. Mbolea ni malighafi, mwanga ndio nguvu ya kuitumia. Mmea wa kivulini hukua taratibu na hula taratibu. Ukiushindilia naitrojeni utapata majani mororo yanayolala, na vidukari watakushukuru. Mboji kidogo mara chache inatosha.

"Kivulini pana unyevu, hapahitaji maji"

Inategemea kivuli ni cha nini. Chini ya mti mkubwa, mara nyingi ni kukavu kuliko juani. Mwavuli wa majani unazuia mvua ndogo isifike chini, na ile inayofika inagombewa. Sehemu kubwa ya mizizi inayonyonya maji ya mti iko kwenye sentimita 30 hadi 60 za juu, na inatambaa mbali kupita ncha za matawi. Baada ya mvua ya kawaida, chimba kidogo chini ya mti. Utakuta juu pamelowa kiasi cha sentimita mbili, chini yake vumbi, na ndani ya vumbi mtandao wa vijizizi vyembamba kama nyuzi za gunia. Mche wako unaingia kwenye vita hivyo ukiwa na mizizi ya kujaza kikombe.

Panda miche midogo, kwa sababu shimo dogo linapenya kati ya mizizi bila kuikata. Mwagilia kwa kuzamisha, mara chache kwa wiki badala ya kunyunyiza kila jioni. Tandaza majani makavu unene wa sentimita tano hadi saba, bila kuyagusisha na shina la mti. Mizizi ikiwa imebanana mno, tumia vyungu.

Kuna kosa moja hapa linalonitia uchungu. Mtu akiona mizizi imejitokeza, analeta mikokoteni ya udongo na kuinua tuta zima chini ya mti apande maua. Mizizi ile inavuta hewa. Ukiizika, mti unaweza kudhoofika kidogo kidogo, tawi moja mwaka huu na jingine mwaka ujao, na siku unapokauka hakuna atakayekumbuka ule udongo.

Kivuli cha ukuta ni kinyume chake. Mvua inafika, jua halikaushi, na mwenye bustani anaendelea kumwagilia kwa ratiba ileile ya juani mpaka mizizi inaoza. Zamisha kidole hadi pingili ya pili. Kukiwa na ubaridi na udongo ukang'ang'ania kidoleni, acha maji kwa leo.

"Majani yenye mabaka meupe ni ya kivulini"

Yanang'aa kivulini, kwa hiyo yanapendeza hapo. Lakini sehemu nyeupe ya jani haina klorofili, haichangii chakula. Mmea wa mabaka unahitaji mwanga zaidi kidogo kuliko ndugu yake wa kijani kitupu. Ukitoa tawi la kijani tupu, likate kutoka chini, la sivyo litayashinda mengine nguvu.

"Ukuta wa kaskazini hauna jua"

Maneno haya yameandikwa kwa watu walio mbali kaskazini mwa dunia. Kusini mwa dunia ni kinyume, ukuta unaotazama kaskazini ndio wenye jua. Karibu na Ikweta kuta hizo mbili zinapokezana: kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua linaegemea kaskazini, kisha linahamia kusini. Kwa hiyo ile orodha ya saa irudie baada ya miezi sita kabla ya kupanda kitu cha kudumu.

"Umedhoofu kivulini, uhamishie juani leo"

Jani lililoumbwa kivulini haligeuki kuwa la juani. Ni jembamba, halina kinga, na likitupwa ghafla kwenye jua kali linapata mabaka ya rangi ya majani makavu, mara nyingine ndani ya mchana mmoja. Hamisha kwa hatua. Siku tatu za kwanza upe jua la saa moja hivi asubuhi, kisha uongeze kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili. Ukishauunguza, usikate majani yote kwa hasira, maana sehemu zilizobaki kijani bado zinaulisha. Urudishe kwenye madoadoa na usubiri. Majani mapya yatatoka madogo kidogo, na ukiyashika kati ya kidole gumba na cha shahada utayasikia ni manene zaidi. Hayo ndiyo yataweza kukaa juani.