Kilimanjaro haikuwa zawadi ya besidei, na stori zingine za kijiweni hapa Moshi

Juzi nimepanda Kosta Arusha kuja Moshi, tumefika Boma Ng'ombe mawingu yakafunguka mlima ukatokea wote mweupe kichwani, jamaa siti ya nyuma akaanza kumwelekeza mgeni wake, unauona huu, Malkia Victoria alimpa mjukuu wake wa Ujerumani zawadi ya besidei ndo maana mpaka na Kenya umepinda pale. Gari zima kimya, wengine wanatikisa kichwa kukubali. Mimi nilikuwa nabishana na konda kuhusu chenji yangu nikaipotezea, ila imenikaa moyoni maana stori hii hata waongoza watalii wanaiuza kila siku.

Sasa angalia tarehe tu. Uingereza na Ujerumani walikubaliana ule mpaka tarehe 1 Novemba 1886. Mwaka huo Kaiser, yaani mfalme wa Ujerumani, alikuwa Wilhelm wa Kwanza, mzee wa miaka 89, na huyo wala hakuwa mjukuu wa Victoria. Mjukuu mwenyewe ni Wilhelm wa Pili na yeye kakalia kiti Juni 1888, mpaka ulishachorwa zamani. Kwa hiyo alipewa zawadi hajawa hata mfalme?

Ila kupinda ni kweli umepinda, hilo siwezi kubisha. Mstari unaanzia baharini kule mto Umba unakoingia, unanyooka hadi Ziwa Jipe, ukikaribia mlima unaukwepa kwa upande wa kaskazini halafu unanyooka tena mpaka Ziwa Victoria. Sababu ni kwamba kila mtu alikuja mezani na makaratasi yake. Mwingereza Harry Johnston alishapita Taveta 1884 akachukua sahihi za mikataba, Wajerumani nao 1885 wakachukua za huku kwa mamangi, machifu wa Wachagga. Basi wakagawana, Mjerumani akabaki na mlima na Mwingereza akabaki na Taveta pamoja na Mombasa. Zawadi gani hiyo jamani, anayetoa ndo anaondoka na bandari?

Vidogo vidogo nivipitie haraka. Watu wanasema yule Mjerumani Hans Meyer alifika kileleni mwenyewe, hapana, tarehe 6 Oktoba 1889 alifika na Ludwig Purtscheller wa Austria, na kwenye kambi ya juu aliwasubiri kijana wa Pangani anaitwa Mwini Amani, analinda mahema na kupika kwenye baridi ile. Sisi tuliowahi kubeba mizigo mlimani, wagumu kama tunavyoitwa, huyo ndo tunamwelewa zaidi. Na Mwenge pale juu usiku wa Uhuru 1961 hakuupandisha Nyerere bana, alikuwa ofisa wa jeshi Alexander Nyirenda. Halafu vita ya kwanza ya dunia, wengi tunajua iliisha 11 Novemba 1918, sawa ila ya Ulaya. Huku kwetu Waingereza chini ya Smuts waliingia Moshi Machi 1916, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawa anarudi nyuma na askari wake ambao wengi wao ni Waafrika, wamezunguka hadi Msumbiji, na amekuja kuweka silaha chini tarehe 25 Novemba, wiki mbili baadaye, kule Abercorn ambayo sa hivi ni Mbala, Zambia.

Tuje kwa mamangi sasa, hapa ndo kuna utamu. Dhana kubwa mtaani ni kwamba walihongwa shanga na vioo wakasaini bila kuelewa kitu. Kweli Kijerumani cha kwenye ile karatasi hawakukisoma, lakini mchukue Mangi Rindi wa Moshi, yule ambaye Wazungu walimwandika Mandara, halafu uniambie kama huyo ni mtu wa kudanganywa na kioo. 1885 hiyo hiyo amekuja Jenerali Mathews kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar, Rindi kakubali, bendera ya Sultani ikapanda. Haijakaa sana akaja Karl Jühlke mtu wa kampuni ya Mjerumani Carl Peters, Rindi kakubali na huyo. 1889 akatuma wajumbe wake hadi Berlin. Kwa hesabu zake adui alikuwa karibu tu, Mangi Sina wa Kibosho, na alikuwa anatafuta mtu mwenye bunduki za kumsaidia. Februari 1891 akampata kweli, Wissmann wa Wajerumani alimpiga Sina na watu wa Rindi walikuwemo humo humo.

Ndo maana mtu akisema "Wachagga waliungana chini ya Mangi Meli wakampiga Mjerumani" mimi namuuliza Wachagga gani? Kila mangi alikuwa na nchi yake, na jirani yake ndo mpinzani wake wa kwanza. Meli ni mtoto wa Rindi, karithi 1891, na ushindi wake ni wa kweli kabisa wala usiupunguze, Juni 1892 watu wake waliwapiga Wajerumani na von Bülow aliyekuwa anawaongoza akafa. Lakini wakati huo huo Marealle wa Marangu yuko upande wa Wajerumani, na Agosti 1893 Gavana von Schele akarudi na jeshi kubwa Meli akashindwa. Cheo cha mangi mmoja wa Wachagga wote ni kitu cha juzi juzi, Mangi Mkuu wa kwanza alikuwa Thomas Marealle, 1952, tena kwa kura. Na ni mjukuu wa yule yule Marealle. Ukilisema hili kwenye mbege Old Moshi angalia kwanza umekaa na nani.

Tarehe 2 Machi 1900 Meli akanyongwa Old Moshi. Hapa napo watu wanakosea, wanadhani ilikuwa ni yeye peke yake au Wachagga peke yao. Walinyongwa 19 kwa madai ya kupanga kuasi, na ndani yake kulikuwa na viongozi wa Meru na Waarusha, kwa hiyo nyie wa Arusha mnaotucheka na stori zetu za Meli na nyie mna wa kwenu pale.

Halafu kichwa cha Meli, kile kinachosemekana kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Nimesikia matoleo matatu, wa kwanza anasema kiko Berlin kwenye kabati la vioo, wa pili anasema kilirudishwa zamani na Waingereza, wa tatu anasema kimepatikana juzi kwa DNA. Cha pili ni kuchanganya na Mkwawa, fuvu lililorudishwa 1954 ni la Mkwawa na liko Kalenga, Iringa (na Mkwawa mwenyewe hakuuawa na Wajerumani, alijipiga risasi 1898 walipomkaribia). Cha tatu kina ukweli nusu. 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza imepima mafuvu machache kati ya yale zaidi ya 1,000 ya Afrika Mashariki waliyonayo, na matatu yakalingana na ndugu walio hai huku Tanzania. Moja lilikuwa limeandikwa Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halimo.

Familia ya Meli imeshatoa vipimo vya DNA, miaka inaenda. Meku (mzee) mmoja kule Old Moshi, tumekaa karibu na ule mti wanaosema ndo walinyongewa, nilimuuliza kwa nini hawachoki kukitafuta kichwa akanijibu kwa Kichagga kwanza halafu akanigeuzia Kiswahili, "mtu amezikwa nusu, we ungelala?"