Ufundishaji unaoanzia kwenye matokeo ya kujifunza

Ukimtajia mwanafunzi wa chuo kikuu neno "matokeo", mawazo yake yanakwenda moja kwa moja kwenye alama: nani kafaulu, nani ana sapu (mtihani wa marudio). Mkanganyiko unaanzia hapo, maana katika ufundishaji unaoanzia kwenye matokeo ya kujifunza, matokeo si alama. Ni lile jambo ambalo mwanafunzi ataweza kulifanya baada ya kozi na ambalo kabla yake hakuliweza. Alama ni kivuli cha jambo hilo, na kuna nyakati kivuli kinaangukia upande mwingine kabisa.

Ufundishaji wa aina hii unageuza mpangilio wa kazi. Kwa mazoea, mhadhiri wa kemia akikabidhiwa kozi huanza na mada: muundo wa atomu, miungano, asidi na besi, na kuendelea. Anazigawa kwa wiki, anaandaa mihadhara, na mtihani unakuja kutungwa mwishoni, mara nyingi usiku wa kuamkia siku ya kuuwasilisha. Swali linalomwongoza ni "nifundishe nini?" Anayeanzia kwenye matokeo anajiuliza kwanza: mwanafunzi akitoka hapa awe anaweza kufanya nini? Kisha: nitajuaje kwamba kweli anaweza? Hayo mawili yakishapata majibu ndipo mihadhara, mazoezi na maabara hupangwa, kwa kurudi nyuma kutoka mwisho wa kozi hadi mwanzo wake. Mada hazifutwi, ila haziketi tena kwenye kiti cha mbele.

Wazo lenyewe lina umri. Mtaalamu wa elimu wa Marekani, Ralph Tyler, alikwisha kuandika mwaka 1949 kwamba mtaala uanze na makusudi yake, ndipo yafuate mafunzo na upimaji. Mwaka 1962 Robert Mager akadai kila lengo liseme mambo matatu: tendo litakaloonekana, mazingira ya kulifanyia, na kiwango kinachokubalika. Mtaalamu mwingine wa elimu, William Spady, ndiye aliyelivumisha jina la elimu inayozingatia matokeo, hasa katika miaka ya 1980 na 1990. Vyuoni, waliolikumbatia mapema ni wahandisi. Nao walikuwa na sababu: daraja likianguka, hakuna atakayeuliza mhandisi wake alihudhuria vipindi vingapi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 chombo cha Marekani kinachoithibitisha programu za uhandisi, ABET, kilibadili vigezo vyake, kikapunguza kuhesabu kozi zilizofundishwa na kuanza kuuliza wahitimu wanaweza nini.

Kazi ngumu iko kwenye kitenzi. Chukua sentensi inayojaa katika mihtasari ya kozi: "Mwanafunzi ataelewa sheria za Newton." Nani atapinga? Lakini kuelewa hakuonekani kwa macho, na kila mtu ana kipimo chake cha kuelewa. Sasa ibadilishe: "Akipewa kitu chochote kilicho katika mwendo, mwanafunzi atachora kani zote (nguvu za kusukuma au kuvuta) zinazokifanyia kazi na kueleza kila moja inatokana na nini." Hapo kuna kitu cha kukishika. Mpe mpira uliorushwa juu, ukiwa bado unapanda, na umwambie apuuze upinzani wa hewa. Wengi watachora mshale wa kwenda juu, "kani ya mkono", ilhali mkono umeshauachia mpira na kani iliyobaki ni moja tu, ile ya mvutano wa dunia. Na hao hao wangeweza kukokotoa kimo cha juu cha mpira huo bila kukosea hata desimali moja. Kanuni wanayo, ila mwendo bado wanaufikiria kama walivyoufikiria kabla ya kuingia darasani.

Mfano huu haukutoka hewani. Mwaka 1992 mwanafizikia David Hestenes na wenzake walichapisha jaribio la kuchagua majibu kuhusu dhana ya kani, lisilo na hesabu yoyote. Moja ya maswali yake linahusu lori kubwa linalogongana na gari dogo: lipi linalisukuma jenzake kwa kani kubwa zaidi? Jibu ni kwamba kani ziko sawa, na linawatoa jasho watu waliofaulu fizikia vizuri. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alipowapa wanafunzi wake jaribio hilo alishtuka kwa walivyokosea, kwani alijiona mwalimu mzuri na wao walimwona hivyo. Baada ya hapo akaacha kuhutubia mfululizo, akawa anauliza swali katikati ya mhadhara, kila mmoja anachagua jibu lake, kisha anajitetea kwa jirani yake. Mwaka 1998 Richard Hake alikusanya takwimu za majaribio ya aina hiyo kutoka kozi 62 zenye wanafunzi zaidi ya 6,000. Aliangalia ni sehemu gani ya maarifa yaliyokuwa yamebaki kupatikana ndiyo iliyopatikana hasa. Kozi za mihadhara ya kawaida zilipata wastani wa 0.23, yaani asilimia 23 ya maarifa hayo. Zile ambazo wanafunzi walifanya kazi na kujadiliana darasani zilipata 0.48.

Ninazirudia namba hizo kwa sababu zinaonesha faida ambayo watetezi wa dhana hii huisahau wanapozama kwenye fomu. Kutamka matokeo waziwazi kunamnyima mwalimu maficho. Ukisema umefundisha mada zote kumi na mbili, umesema kweli na hakuna wa kukubishia. Ukisema wanafunzi wataweza kuchora kani, mtu anaweza kuja na karatasi akakuumbua.

Jina la mtaalamu wa elimu John Biggs huja hapa. Mwaka 1996 aliandika kwamba vitu vitatu sharti viseme lugha moja: matokeo yaliyotajwa, kazi anazofanya mwanafunzi wakati wa kujifunza, na upimaji. Kimoja kikienda upande wake, mwanafunzi hufuata upimaji, na ana haki. Muhtasari ukiahidi "kuchambua" na mtihani ukaja na "taja", "orodhesha" na "fafanua", basi matokeo halisi ya kozi hiyo ni kukariri, hata kama ukurasa wa kwanza umepambwa vipi. Kwa maoni yangu njia rahisi ya kuikagua kozi yoyote ya sayansi ni kuweka muhtasari wake kando na kusoma mitihani yake ya miaka mitatu iliyopita.

Maabara inastahili aya yake, maana huko ndiko pengo lilikojificha zaidi. Sote tunaijua maabara ya mapishi: hatua ya kwanza hadi ya kumi na tano, jibu linajulikana kabla bureti (mrija wa kupimia vimiminika) haijajazwa, na anayepata jibu tofauti "hurekebisha" data usiku bwenini. Uliza maabara hiyo ipo kwa ajili gani, utaambiwa inaimarisha nadharia ya darasani. Natasha Holmes na Carl Wieman, huyo wa pili akiwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2001, walilipima dai hilo katika kozi tisa za fizikia. Waliofanya maabara hawakuwazidi wasiofanya kwenye maswali ya mtihani yaliyohusu mada za maabara hizo hizo.

Anayesoma kwa haraka atasema basi maabara zifungwe. Anayeanzia kwenye matokeo atauliza jambo gani haliwezi kufundishwa penginepo ila maabarani. Mtu hujifunza kukadiria mashaka ya kipimo, yaani kipimo kinaweza kuwa kimekosea kwa kiasi gani, kwa kupima. Kuamua kama vipimo viwili vinatofautiana kweli au vimetofautiana kwa bahati, kugundua kwamba kifaa kinadanganya, kupanga jaribio upya baada ya lile la kwanza kushindwa: haya hayaingii kwa mhadhara. Yakiandikwa kuwa ndiyo matokeo, mwongozo wa hatua kumi na tano unakufa wenyewe, kwa kuwa unamfanyia mwanafunzi maamuzi yote aliyotakiwa kujifunza kuyafanya. Na anayeleta jibu lisilotarajiwa pamoja na maelezo mazuri ya kwa nini ameliamini anapata alama kamili.

Wakosoaji wapo, na si wote wavivu wa kujaza fomu. Mwingereza Lawrence Stenhouse alionya tangu mwaka 1975 kwamba elimu inayomwingiza mtu katika maarifa inafanikiwa pale inapomfikisha mahali ambapo mwalimu hakupatabiri. Kwa sayansi hoja hii ina uzito. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mwenye mradi wa utafiti akitimiza kila kitu kilichoandikwa mapema, huenda hakutafiti kitu. Mimi huona kozi za msingi zinanufaika sana na matokeo yaliyobainishwa kwa undani, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo yanavyopaswa kuandikwa kwa mapana zaidi. Tatizo la pili ni la kiofisi. Matokeo arobaini kwa kozi moja, vitenzi vilivyochomolewa kwenye orodha ya Bloom inayopanga ngazi za kufikiri, jedwali linalounganisha kila kimoja na kila swali, halafu mhadhiri anaingia darasani na slaidi zile zile. Matokeo matano au sita yanayopimwa kwa dhati yanatosha kwa kozi nzima.

Lililo gumu zaidi bado ni hizo alama tulizoanza nazo. Alama ya mwisho ni wastani, na wastani huficha. Mwanafunzi mwenye 55 anaweza kuwa na uwezo wa kati katika kila jambo, au awe hodari katika matatu na mtupu katika mawili, na moja ya hayo mawili likawa kuandaa kemikali yenye ukolezi sahihi. Mfumo wa kawaida unawahesabu kuwa sawa. Zipo kozi zilizochukua njia nyingine: matokeo machache ya lazima yanafauliwa moja moja, hakuna kufidiana, na asiyeweza leo anaruhusiwa kurudia wiki ijayo bila adhabu, kwa kuwa Spady naye alisisitiza kwamba muda ndio upindike, kiwango kibaki. Kwa darasa la watu thelathini hilo linawezekana. Kwa darasa la mia nne na maabara yenye meza ishirini, kila marudio yanahitaji saa za fundi wa maabara, vifaa na msahihishaji, na kwa kawaida bajeti ya kozi ilipitishwa kabla mtu hajaandika hata tokeo moja.