PCOS, homoni na seli za kinga za kizazi: maswali ya kina dada wa Tanga

Siku zangu zinapotea miezi mitatu, minne. Shangazi anasema ni jini. Kweli?

Kisomo hakimzuii mtu kupima, dada. Nenda hospitali ya Bombo au kituo chochote chenye daktari wa kina mama, huenda ni PCOS, yaani hali ya homoni kuvurugika hadi ovari (vifuko vya mayai) zisitoe yai kwa mpangilio. PCOS hutambuliwa kwa kuona mambo mawili kati ya haya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili za homoni za kiume kuzidi (ndevu kidevuni, chunusi sugu, au kipimo cha damu), na ovari zenye vifuko vingi kwenye altrasaundi. Kabla ya hapo daktari huhakikisha huna mimba, wala tatizo la tezi ya shingo. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye hali hii hawajui kuwa wanayo.

Nisipoona damu, si napumzika tu?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Homoni ya estrojeni hujenga utando wa ndani ya kizazi. Yai likipevuka na kutoka, ovari hutoa homoni nyingine, projesteroni, inayoukomaza utando huo na kuuandaa kupokea mimba. Kwa mwenye PCOS yai mara nyingi halitoki, kwa hiyo projesteroni haiji. Utando unazidi kunenepa, kisha siku moja damu inamwagika bila kipimo. Hali hiyo ikienda kwa miaka, hatari ya saratani ya utando wa kizazi inapanda.

Nimesikia kinga ya mwili nayo imo. Inaingiaje kwenye kizazi?

Inaishi humo. Zipo seli za kinga ziitwazo NK. Zile za kwenye damu huua seli zilizoshikwa na virusi, lakini za kizazini zina kazi nyingine kabisa: husaidia mishipa ya damu ya mama kutanuka ili ilishe kondo la nyuma. Huongezeka baada ya yai kutoka, na mimba ikiwa changa ndizo nyingi kuliko seli nyingine za kinga mle ndani.

Ajabu yake, hazipokei ujumbe wa projesteroni moja kwa moja. Seli jirani za utando ndizo zinazoupokea, kisha zinatoa kemikali iitwayo interleukini 15 inayoziamsha. Projesteroni isipokuja, mnyororo wote unalegea. Kuna tafiti zilizokuta seli hizi ni chache kwa wenye PCOS katika nusu ya pili ya mzunguko. Kwa panya, homoni za kiume zikizidishwa, seli za kinga za kizazi hubadilika.

Basi nikapime NK, nipewe dawa ya kuzirekebisha?

Hifadhi pesa yako. Kipimo cha NK za damu hakionyeshi hali ya kizazini. Na hao wauzao dawa za "kusafisha kizazi" wanakuuzia maji ya majani. Homoni hutolewa ili kuulinda utando: vidonge vya projesteroni kwa siku 10 hadi 14, pengo la hedhi lisipite miezi 3, au vidonge vya majira. Utando ukikomaa ipasavyo, seli za kinga nazo hupata mazingira yao, ingawa haijathibitishwa kwamba hilo peke yake linaongeza mimba.

Majira hayataniziba uzazi?

Hayazibi. Ukiacha, uwezo wako unarudi ulivyokuwa. Mwambie daktari kama una presha, umewahi kuganda damu mguuni, au kichwa kinakuuma huku ukiona vimulimuli. Ukiwa na mojawapo ya hayo, vidonge vyenye estrojeni vinaweza kuwa hatari.

Mimi nataka mtoto, sitaki majira.

Basi omba kuzungumzia letrozoli, dawa iliyoanzia kwenye saratani ya matiti na sasa ni chaguo la kwanza la kupevusha yai. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa 2014, asilimia 27.5 ya waliopewa letrozoli walijifungua, dhidi ya 19.1 waliotumia klomifeni, dawa nyingine ya kupevusha yai. Aliyenenepa akipunguza hata asilimia 5 ya uzito, yai huweza kutoka lenyewe, kwa hiyo mahamri ya asubuhi na chai ya sukari nyingi tutayazungumza pia. Na mumeo aje apime mbegu kabla hujameza kidonge cha kwanza.