Mtoto hatulii, tena ana wasiwasi: maswali ya wazazi ambao bado wameshika fimbo

Watoto wengi wenye ADHD huletwa kliniki wakiwa darasa la nne, baada ya upimaji wa taifa kuwaendea vibaya. Dalili zilikuwepo tangu darasa la awali. Miaka ya katikati imeishia kwenye viboko.

ADHD ni nini?
Ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kushikilia jambo moja akilini, ashindwe kutulia, au atende kabla hajafikiri. Haionekani kwenye kipimo cha damu wala picha ya kichwa, kwa hiyo tunza hela yako. Daktari hutafuta dalili zisizopungua sita za kundi moja (kukosa umakini, au kutotulia na kukurupuka), zilizodumu angalau miezi sita, zilizoanza kabla ya miaka 12, na zinazojitokeza nyumbani na shuleni pia. Mtoto anayemsumbua mwalimu mmoja tu, anza kuchunguza kwa huyo mwalimu. Hali hii hurithiwa sana. Baba akikumbuka vizuri ripoti zake za shule, maelezo huwa mafupi.

Wasichana wengi hawarukiruki. Wanakaa kimya, wanaduwaa, wanapoteza penseli na sweta kila wiki, na kwa kuwa hawasumbui mtu, hawaletwi.

Wasiwasi unaingiaje hapo?
Mara nyingi viwili hivi huenda pamoja. Tumbo linauma Jumatatu alfajiri, Jumamosi haliumi. Anakwenda chooni kila dakika kabla ya mtihani. Anauliza "mama, utakuja kunichukua?" na akijibiwa anauliza tena. Watoto hawa hutibiwa malaria, taifodi na UTI mara kwa mara bila kipimo chochote kuonyesha ugonjwa. Na maumivu anayosema ni ya kweli, hadeki.

Nikimchapa si atanyooka?
Hapana. Mtoto huyu sheria anaijua. Muulize, atakutajia yote. Shida yake ni kujizuia pale pale jambo linapomjia. Fimbo haimwongezei uwezo huo. Ni sawa na kumchapa mwenye usaha masikioni ili asikie.

Mbona akichapwa anatulia?
Anatulia kwa hofu, na hofu ikipoa anarudia, mara nyingi siku hiyo hiyo. Ndiyo maana viboko huongezeka kila mwezi na tabia iko pale pale. Tena kuna ile ya "subiri baba yako arudi". Kosa la saa tisa linaadhibiwa saa mbili usiku, wakati mtoto ameshasahau alichofanya ila tumbo limemsokota jioni nzima. Hapo umemfundisha mawili: kuogopa, na kusema uongo. Umakini kidogo aliokuwa nao sasa unatumika kusikiliza mlango.

Basi viwili tu, vya kumkumbusha?
Hapana. Si viwili, si kimoja, si kofi, si kupigishwa magoti juani. Tunaona watoto wenye alama mgongoni ambao kosa lao ni kusahau daftari. Na mwalimu akichapa, nenda ukaongee naye. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaweka ukomo wa viboko vinne, tena kwa idhini ya mkuu wa shule. Hazimlazimishi mwalimu yeyote kuchapa. Mwombe amkalishe mbele, mbali na dirisha na mlango, ampe kazi vipande vipande, na amtume kufuta ubao akianza kuhangaika.

Kwa hiyo nimwachie afanye anavyotaka?
Hakuna aliyesema hivyo. Anahitaji sheria kuliko wenzake, ila ziwe chache na matokeo yake yaje papo hapo.

Anza na namna ya kumwagiza. Usipige kelele kutoka jikoni. Zima televisheni, msogelee, mguse bega, mwite jina, akutazame. Mpe agizo moja fupi: "Weka viatu kwenye rafu." Nyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, kwa sababu ubongo wake huchelewa kuanza. Mwambie arudie ulichosema. Akifanya, msifu hapo hapo kwa kutaja kitendo: "Umeweka viatu mara moja, vizuri." Wazazi wengi hukosea kwa kufunga maagizo manne pamoja: oga, vaa, kunywa chai, chukua begi. Yeye anabaki na la kwanza, au la mwisho.

Halafu tafuta kopo na vifuniko vya soda. Chagua tabia mbili tu, si kumi. Kila akifanya, kifuniko kimoja kinaingia mbele ya macho yake. Vitano ni zawadi ya siku hiyo hiyo: kuchagua mboga ya usiku, au dakika 15 za mpira na baba. Baiskeli ya mwisho wa mwaka haimsaidii, iko mbali mno. Kifuniko kilichoingia hakitolewi, hata akikosea baadaye. Watu wa nyumbani wote wafuate utaratibu mmoja, bibi na dada wa kazi wakiwemo. Bibi akigawa pipi bure, kopo limekufa.

Kazi za shule ziwe dakika 10 hadi 15, apumzike 5, aendelee. Begi lipangwe usiku. Simu na televisheni vizimwe saa nzima kabla ya kulala; mtoto wa shule ya msingi anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12.

Asubuhi analia hataki shule. Nimwache nyumbani?
Usimwache. Kila siku anayobaki, kesho inakuwa ngumu zaidi. Wala usimcheke wala kumburuta. Mwambie unajua anaogopa, kisha mgawanye safari: leo mpaka darasani pamoja, baada ya siku chache mpaka getini, kisha mpaka kona. Mfundishe kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa sita, mazoezi yafanyike jioni akiwa ametulia. Swali lake la kukuchukua lijibu mara moja, kisha usilirudie. Lakini kwanza muulize kama shuleni anapigwa au anaonewa. Kama anapigwa, hiyo hofu ina sababu, na sababu ndiyo ya kuondoa.

Nampa Piriton alale, kuna ubaya?
Upo. Acha leo. Kwa baadhi ya watoto huleta kinyume, wanachachamaa zaidi, na usingizi wake si tiba. Kama ana kifafa na anatumia fenobabitoni, mweleze daktari: dawa hiyo inaweza kuongeza utukutu. Ila usiikatishe mwenyewe, degedege litarudi.

Dawa za hospitali zitamfanya zezeta?
Hapana, zikipimwa vizuri. Chini ya miaka 6 huanzwa na mafunzo ya wazazi, si dawa. Kwa watoto wa miaka 6 na kuendelea, methilifenideti (dawa ya ADHD) ya muda mfupi hufanya kazi takriban saa nne. Hupunguza hamu ya kula na ikinywewa jioni hukimbiza usingizi. Mpe uji mzito kabla ya dozi ya asubuhi, na mapigo ya moyo, presha, uzito na urefu vipimwe kila mkija. Akiwa amezubaa kama mgonjwa, dozi ni kubwa, rudini.

Tusubiri akue?
Msisubiri. Mlisubiri akiwa na miaka 6, sasa ana 10 na anaamini ni mjinga. Ombeni kama mnaomba, lakini hospitali iende sambamba. Akisema anataka kufa, au akianza kujiumiza, ni leo hii, si Jumatatu.

Twende wapi, na nini?
Anzeni hospitali ya rufaa ya mkoa, idara ya afya ya akili. Masikio na macho yapimwe kwanza, na semeni kama aliwahi kuugua malaria kali ya kichwani. Bebeni madaftari mawili, la mwanzo wa muhula na la sasa, barua ya mwalimu, na dawa zote anazokunywa pamoja na za mitishamba. Baba naye aje. Mara nyingi mama hurudi nyumbani na maelekezo, akakuta fimbo bado iko juu ya kabati.