Pointi za taimushea ni kitu gani, na zinamlazaje mtu Ulaya

Taimushea ni mpango wa watu wengi kugawana matumizi ya nyumba za mapumziko kwa vipindi, na pointi zake ni kipimo cha haki ya kukaa. Mtu hulipa fedha nyingi mwanzoni kwa kampuni yenye nyumba za mapumziko, kisha kila mwaka hulipa ada ya matunzo. Kampuni nayo humwekea kila mwaka idadi maalumu ya pointi, naye huzitoa ili apate siku za kulala katika nyumba hizo. Pointi hazikati tiketi ya ndege, hazilipi viza, na kwa kawaida kampuni haizigeuzi kuwa fedha. Katika mikataba mingi ya siku hizi mwenye pointi hana hata mlango mmoja anaoweza kusema huu ndio wangu. Alichonacho ni nafasi ya kuomba, pamoja na wenziwe wote wenye pointi, nyumba ambayo siku hizo haijachukuliwa.

Zanzibar jambo hili linatufikia zaidi kupitia jamaa. Mjomba yuko Uingereza, au dada yuko Denmark, anapiga simu: "Njooni mtembee Ulaya, malazi yasikushughulisheni, nina pointi zangu." Familia huku Unguja au Pemba inafurahi na kuanza kuhesabu nauli tu, kwa kuwa malazi yamekwishapatikana. Ndugu huyo anasema kweli kwa upande wake, maana fedha zake zimeshatoka. Lakini kati ya pointi zilizomo kwenye akaunti yake na kitanda cha watoto wenu kuna masharti mengi, na ni vyema yajulikane kabla mtu hajakata tiketi.

Mpango wenyewe ulizaliwa Ulaya. Kampuni ya Hapimag iliundwa Uswisi mwaka 1963, na wanachama wake walinunua hisa wakapewa pointi za kutumia katika nyumba za kampuni. Mwaka 1967, kwenye milima ya Alps ya Ufaransa, kituo cha michezo ya theluji cha Superdévoluy kikaanza kuuza wiki: badala ya kukodi chumba kila msimu, mtu ananunua wiki yake ya kila mwaka. Mwaka una wiki 52, basi nyumba moja huweza kuwa na wenyewe wengi, kila mmoja na wiki yake. Watu wakachoka kurudi palepale, wiki ileile. Mwaka 1974 ikaanzishwa Marekani kampuni ya RCI, ambayo kazi yake ni kubadilishana: unaweka wiki yako ya Florida, unaomba wiki ya mtu mwingine Hispania. Pointi ndizo zilizokuja kulegeza mambo zaidi. Disney walianza klabu yao ya pointi mwaka 1991, Marriott wakafuata mwaka 2010, na leo kampuni kubwa karibu zote zinauza pointi kuliko wiki.

Mfumo wa wiki si mgeni kwetu hata kidogo. Ndugu wanne wakirithi nyumba Mji Mkongwe wasitake kuiuza, huweza kukubaliana kukaa kwa zamu, na kila mmoja anajua sehemu yake ni ipi na nyumba ni ipi. Wanavyuoni wanaliita jambo hili muhayaa, yaani kugawana manfaa ya mali ya ushirika kwa zamu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha mwaka 2007 huko Putrajaya, Malaysia, lilikubali kwa masharti kwamba watu wanaweza kununua au kukodi sehemu ya pamoja katika mali inayojulikana, kisha wakagawana matumizi yake kwa vipindi. Nalitaja hilo kwa sababu wengi wetu swali la kwanza ni kama jambo linafaa, na ni swali la haki. Pointi zina ugumu wake hapo. Mali inayojulikana imekwenda mbali: unaweza kuwa mmoja wa maelfu waliochangia kapu moja lenye nyumba nchi ishirini, na kampuni ikaongeza au kupunguza nyumba ndani ya kapu. Mwenye kutaka kununua, na asiishie kumuuliza shekhe kwa jumla tu. Ampelekee mkataba wenyewe.

Bei ya usiku mmoja kwa pointi haikai mahali pamoja. Inapanda na kushuka kwa msimu, kwa ukubwa wa nyumba, kwa mji na hata kwa siku ya wiki. RCI kwa miaka mingi imezigawa wiki kwa rangi: nyekundu ni wakati wenye watu wengi, nyeupe ni wa katikati, buluu ni wa chini. Ulaya ya baharini huwa nyekundu Julai na Agosti, skuli zao zikifungwa. Milimani huwa nyekundu wakati wa theluji.

Tuchukue mfano wa hesabu, tarakimu zikiwa za kubuni ili tuone njia tu. Tuseme mjomba anapata pointi 6,000 kwa mwaka na analipa ada ya matunzo ya yuro 900. Nyumba ya vyumba viwili kusini mwa Hispania inataka pointi 6,000 kwa wiki ya Agosti, na 3,000 kwa wiki ya Mei. Agosti, basi, zile yuro 900 zote zimekwenda kwa siku saba, karibu yuro 129 kwa usiku. Mei ni nusu yake, kama yuro 64. Sasa ongeza bei ya kununulia. Kama alilipa yuro 12,000 mwanzoni na anatazamia kuzitumia pointi kwa miaka 15, hiyo ni yuro 800 nyingine kila mwaka. Agosti inakuwa yuro 243 kwa usiku, na Mei 121. Baada ya hapo ndipo mtu anapofungua simu kutazama hoteli au nyumba ya kukodi mtaa uleule, tarehe zilezile, inataka ngapi. Kuna wakati pointi zinashinda, hasa kwa familia kubwa katika nyumba nzima. Kuna wakati, mwenye kulipa fedha taslimu bila uanachama wowote analala nyumba ya jirani kwa bei ndogo kuliko ada ya matunzo peke yake.

Katika mfano huo muna jambo ambalo kwetu ni neema. Watu wengi wa Unguja wanaishi kwa utalii, na msimu wa kazi ni ule wa Juni hadi Oktoba, kisha Disemba hadi Februari. Wakati wa masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi za pwani zinapunguza kazi na nyingine zinafunga. Wakati huohuo Ulaya ya kusini inaingia machipuko: mvua si nyingi, joto linavumilika, bahari bado ya baridi, na ukiondoa juma la Pasaka pointi zinazotakiwa ni chache. Mpishi wa hoteli ya Nungwi au dereva wa watalii wa Paje yuko huru wakati pointi za mjomba zinakwenda mbali zaidi. Tatizo ni watoto wa skuli, na hapo kila nyumba itajua la kufanya.

Sasa viza, na hapa ndipo ninapowasihi watu watulie. Kampuni nyingi za pointi hufungua nafasi miezi kumi, kumi na miwili au zaidi kabla, na nyumba nzuri za wakati mzuri huondoka mapema. Viza ya Schengen, yaani ile viza moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, kwa upande wake hairuhusiwi kuombwa zaidi ya miezi sita kabla ya safari. Kwa hiyo mjomba anafunga nyumba mwaka mzima mbele, wakati nyinyi hamwezi hata kupeleka fomu. Viza ikikataliwa, pointi zake zinaweza kupotea, au kurudi zikiwa na masharti magumu zaidi, kutegemea zimebaki siku ngapi. Muulizeni tangu mwanzo sheria ya kughairi inasemaje. Ombi la viza kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, haurejeshewi ukikataliwa, na bima ya safari lazima ibebe angalau yuro 30,000. Ongezeni boti ya kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya alama za vidole, na siku za kusubiri jibu, ambazo kwa kawaida ni 15 lakini zinaweza kufika 45.

Pointi pia ndizo zitakazoamua mnaomba viza nchi gani. Kanuni ya Schengen ni kwamba unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Mkitamani Paris lakini pointi zimepata wiki nzima Hispania na siku tatu tu Ufaransa, ombi lenu ni la Hispania. Na kama nyumba iliyopatikana iko Scotland, hiyo ni viza ya Uingereza, kitu tofauti kabisa, na viza ya Schengen haiwasaidii hapo.

Ubalozi utataka uthibitisho wa malazi wenye majina yenu. Karatasi ya kampuni kwa kawaida hutoka kwa jina la mwenye pointi. Akiwa anasafiri pamoja nanyi, aombe majina ya wageni wote yaingizwe. Akiwa hasafiri, kampuni nyingi hudai cheti cha mgeni, mara nyingi kwa ada, na bila cheti hicho mnaweza kufika mapokezi usiku na mizigo mkaambiwa hamumo kwenye orodha. Angalieni pia idadi. Nyumba ya chumba kimoja huandikwa watu wanne, wawili wakilala kwenye kochi la sebuleni, na idadi hiyo haichezewi. Desturi yetu ya kuongeza godoro chini kwa ajili ya binamu haipokelewi huko.

Nyumba zenyewe nyingi ziko kwenye mapumziko, si katikati ya miji: visiwa vya Canary, pwani ya Costa del Sol, Algarve ya Ureno, Malta, milima ya Alps. Miji mikubwa ina chache na zinagombaniwa. Marriott, kwa mfano, wana nyumba karibu na Disneyland Paris, lakini hapo ni mashariki ya mji, na kufika katikati ni safari ya treni ya kama dakika arubaini. Kwa familia ya Kiislamu, hata hivyo, nyumba hizi zina faida moja ambayo naiona kubwa kuliko bei: jiko. Kuna friji, sufuria, mara nyingi na mashine ya kufulia. Mnanunua nyama halali kwenye duka la Wamoroko au Waturuki, mnapika wali wenu, na gharama ya kula mkahawani kila siku, ambayo huwaumiza wasafiri wengi kuliko malazi, inapungua sana.

Mezani patabaki vijisenti ambavyo pointi hazivigusi. Miji mingi ya Ulaya hutoza kodi ya mgeni kwa kila usiku. Amsterdam imeifikisha asilimia 12.5 ya bei ya malazi tangu 2024. Pakiwa na kubadilishana kupitia kampuni ya pili, kuna ada ya kubadilishana juu yake. Na kama mwenye pointi hajamaliza ada ya matunzo ya mwaka, kampuni inaweza kuifuta nafasi yenu. Kumuuliza mjomba kama amelipa si utovu wa adabu, na mjomba mwenye busara atalitaja mwenyewe.

Mtu aliyeonja safari kama hiyo huweza kutamani kununua pointi zake. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2008, unampa mnunuzi siku 14 za kujitoa bila kueleza sababu, na unamkataza muuzaji kupokea fedha yoyote, hata ya kishika nafasi, ndani ya siku hizo. Muuzaji anayekuhimiza kuweka kadi mezani leo kwa kuwa bei inaisha jioni, huyo mkimbie. Sheria hizo zilitokana na maumivu ya kweli. Hispania iliweka kikomo cha miaka 50 kwa mikataba hii, na Januari 2015 Mahakama yake ya Juu ikaamua kuwa mikataba iliyouzwa kama ya milele, kinyume na kikomo hicho, ilikuwa batili.

Hiyo milele ndiyo inayopaswa kutushughulisha sisi wenye kurithiana. Pointi zinaweza kuisha utamu, ada ya matunzo ikaendelea na kupanda kila mwaka, na soko la kuziuza tena ni dhaifu mno. Wengi huzitoa karibu bure wakakosa wa kuzichukua. Mwenyewe akifariki, deni lake hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha kabla warithi hawajagawana, wala halitoki mfukoni mwa mtoto. Lakini baadhi ya mikataba huandikwa na majina ya watoto tangu mwanzo, kwa maelezo kwamba ni zawadi kwao. Mtoto mtu mzima aliyetia saini hapo ni mdaiwa mwenyewe, kwa miaka yote iliyobaki ya mkataba. Basi mzazi akija na karatasi hiyo kutoka Ulaya akakuomba saini, isome yote kwanza, na utafute ukurasa unaoeleza namna ya kutoka.